Mdudu Asiye na Kiuno

Siku hizi siwezi kumpita sisimizi bila kuinama. Naangalia kiuno kwanza. Halafu fundo kati ya kifua na tumbo: ni moja ama ni mawili? Halafu mgongo, kama una miiba. Niliishia darasa la nne, lakini nikikuta aina tano kwenye jiwe moja nitakutengea zote tano. Ila sina wa kumwonyesha.

Alinifundisha msichana wa chuo aliyekuja Kibwezi kukusanya sisimizi kando ya mto. Mimi nilikuwa nambebea chupa. Siku moja nikamtolea kiberiti nilichokuwa nimekiweka miaka miwili, ndani yake wadudu wadogo weusi wenye mabawa.

"Hawa si sisimizi, mama," akasema, akanipa lenzi. "Tafuta kiuno."

Nikatafuta, hakuna. Mwili umeshuka sawa kama gunia. Vipapasio vya kichwani vimenyooka, havikukunjwa kama kiwiko. Mabawa yote manne urefu mmoja.

"Ni mchwa. Wanakula mbao kutoka ndani."

Kumbikumbi nawajua, nimewala tangu utoto, wakubwa, wana mafuta. Hawa walikuwa wadogo, ndiyo maana sikujua. Miaka ile miwili nyuma niliwaokota chini ya nguzo ya nyumba yetu nikampelekea ndugu wa mume wangu, fundi aliyeijenga. Alikuwa anakunywa chai. Kiberiti alikifungua nusu tu.

"Sisimizi tu hao, shemeji. Ama unataka niwajengee na wao?"

Watu wakacheka. Hata mume wangu alicheka.

Mvua ilipoanza, nyumba ilituangukia. Mimi nilitolewa na mguu huu uliopinda. Mume wangu hakutolewa hai. Kabla sijarudi kutoka hospitali, shemeji alikuwa ameamuru zile nguzo zipasuliwe kuni za kuwapikia waombolezaji. Na mzee wa kanisa, aliyesema kaburini kwamba ni mvua ya Mungu, aliota moto wa kuni hizo akiziona zilivyo na mashimo. Hao wawili ndio ninaowalaumu.

Msichana alipoondoka aliniachia lenzi. Nikaenda nayo kwa shemeji, na kiberiti.

"Tafuta kiuno," nikamwambia.

Aliangalia muda mrefu sana. Kisha akakifunga kiberiti mwenyewe, polepole, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni sisimizi, shemeji," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa boma la shemeji anayepita kwangu. Kiberiti ninacho.