Mama Mkwe Ndani ya Boti ya Feruzi

Enzi zetu mtu akikuuzia mawese, alitia kidole chake kwanza, akalamba mbele yako, ndipo nawe ukatoa chupa. Muuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, alitafuna moja kavu, akameza, akangoja kidogo umwangalie usoni. Aliyekuuzia baiskeli aliipanda na mtoto wake mbele, akateremka nayo avenyu nzima, akarudi anahema. Hakuna aliyeona ni dharau. Sisi watoto wa mtaa wa Buyenzi tuliujua utaratibu huo kabla ya kujua kuandika majina yetu. Mimi kuandika kwenyewe sikufika mbali, niliacha shule mwaka wa tatu, kwa hiyo mkikuta maneno yamepinda hapa na pale, yanyoosheni wenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu Zaina. Siku hizi naishi kwa mama yake, huku Kibenga, katika nyumba ambayo kila kitu kina taa ndogo inayokutazama. Birika la chai lina taa. Friji ina taa. Kuna kidude kimechomekwa ukutani, kazi yake siijui, nacho kina taa nyekundu haizimi usiku wala mchana. Zaina mwenyewe anavaa saa inayomwambia kama ametembea vya kutosha. Zamani habari hiyo tulipewa na miguu.

Sasa Ijumaa moja nimetoka msikitini, Zaina akanikalisha, akanionyesha kwenye telefone picha ya mstari unaopanda kama njia ya mlimani ya kwenda Bugarama. Akaniambia ile parsele yangu ya Buyenzi, kiwanja nilichoachiwa na baba, imelala bure. Tuiuze, pesa tuziweke humo ndani ya telefone, zitazaa zenyewe. Nikamuuliza mwenye mambo hayo ni nani. Akasema ni kampani. Nikauliza kama huyo kampani ameoa. Zaina akacheka mpaka akakaa chini kwenye zulia. Nikamuuliza basi mama mkwe wake anakaa wapi, na hapo nikaona usoni mwake kwamba sasa babu amezeeka kweli. Nilikataa. Mpaka leo ananipa chai bila kuniangalia.

Lakini nyinyi mliokua nami mtaona kama swali langu lilikuwa la kijinga.

Nakumbuka nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na baraza mbele. Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa pale barazani, nyeusi, ina maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika upande ule mkono wake ulipopita. Vipande vya nguo vilivyoanguka chini vilikuwa vyangu. Ndiyo maana nilikuwa kapiteni wa timu ya avenyu yetu, si kwa sababu nilijua mpira. Mpira wa matambara ulitoka kwetu, na nikikasirika uliingia ndani pamoja na mimi. Zaina na wenzake wanacheza mpira na vidole gumba, wamelala chali. Nimewaangalia sana, sijaona aliyetoka jasho.

Asubuhi tulikwenda madrasa na ubao chini ya kwapa, tukarudi njaa inauma. Mama alikuwa amepika lengalenga, mchicha wetu, na ndagala, juu yake kamwaga mawese kidogo, na bugali imefunikwa kwa sahani ya bati. Harufu ile ilikuwa inatukuta kwenye kona. Mama huyo, Mungu amrehemu, hakuamini kitu. Baba alipoleta redio ya kwanza, mama aliifunika kitambaa kila alipotaka kuzungumza mambo ya nyumbani. Baba alimwambia redio inasema tu, haisikii. Mama akamjibu, "Kama yule mutu tunamusikia hapa, sisi anatusikia nani?" Nikiona Zaina amelala na telefone kichwani pake namkumbuka mama, natamani nitafute kitambaa.

Basi. Kulikuwa na fundi wa moteri pale mtaani, jina lake Feruzi. Mtu wa maneno mengi na Kifaransa cha gereji, mikono ina grisi hadi siku ya Idi. Huyu Feruzi alipata boti kuukuu ya mbao, akaitengenezea moteri kwa mikono yake, akaipaka rangi ya buluu. Mpango wake ulikuwa kuleta mawese kwa njia ya ziwa kutoka Rumonge. Alikuwa na boti na moteri, ila hana cha kununulia mzigo wa kwanza, akatafuta mtu wa kuingia naye nusu kwa nusu. Akamwona baba yangu.

Baba alikuwa amechoka kukanyaga cherehani. Magoti yalimuuma. Feruzi alikuja barazani jioni baada ya jioni, akanywa chai yetu ya tangawizi, akamweleza baba namna atakavyokaa tu, na mawese yatembee yenyewe majini. Baba hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa cherehani. Ikiuzwa na boti ikafa, sisi hatuli. Hilo hata mimi mtoto nililijua, maana nilijua bugali yetu inatoka kwenye sindano ile. Lakini baba akakubali. Mwenye duka mmoja wa avenyu ya jirani akasema ataichukua cherehani Jumapili.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, akiwa anachambua mchele, "Sasa iyo rangi, kwa nini ameipaka kwanza, ndiyo anatafuta mwenzake?" Baba akasema boti zote hupakwa rangi. Mama akasema sawa, basi aipande kwanza tuone, apande na watu wake. Baba akasema Feruzi ameshaahidi kupanda na watoto wake wote. Mama akatikisa kichwa.

"Apana. Wanaume munapakia watoto popote. Apande na mama mkwe wake."

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Nyinyi mnajua mambo ya ukweni. Wakati ule mtu hakula mbele ya mama mkwe wake, hakumtazama usoni, wakikutana njiani mmoja alijisogeza pembeni mwingine apite. Mwanamume anaweza kucheza na maisha yake, watoto anaweza kuwatia hatarini bila kufikiri, lakini amzamishe mama mkwe halafu arudi nyumbani kwa mkewe amwambie nini? Baba akaupeleka ujumbe kama mzaha. Feruzi akawa mwekundu masikioni. Akikataa, watu watasema boti ina neno. Akakubali.

Mama mkwe huyo aliitwa Mama Mwamini, mjane, mwembamba, mpole sana, muuza mandazi ambayo mpaka leo sijaonja mengine mfano wake. Zaina hununua mandazi ndani ya plastiki yenye tarehe. Nimemwuliza, andazi linataka tarehe ya nini kama limepikwa leo?

Jumapili hiyo nusu ya Buyenzi iliteremka ziwani. Nyumbani cherehani ilikuwa imeshafungwa kamba juu ya mkokoteni mlangoni petu, na kijana wa dukani amekaa juu ya ukingo anangoja neno la baba. Baba mwenyewe hakupanda boti. Aliogopa maji maisha yake yote, hata kunawa miguu aliinama akishika ukuta. Wakamkalisha Mama Mwamini mbele kabisa, amejifunga vitenge viwili vipya, uso unatazama ziwa. Feruzi akakaa nyuma kwenye moteri, ameinamisha macho pembeni kwa adabu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha majini. Wawili hao wakaondoka bila kusemeshana, moteri ikanguruma vizuri kabisa, wakaenda mbali upande wa mto Rusizi mpaka buluu ya boti ikapotea kwenye buluu ya maji, kisha tukaiona inarudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Boti ilifika ikapanda kidogo kwenye mchanga, Feruzi akaruka chini, akapeana mikono na kila mtu, hata na mimi. Baba alikuwa anacheka kwa meno yote. Akaniambia, "Shabani, kimbia, umwambie yule kijana aichukue."

Nilikuwa nimeshageuka. Mama akanishika shati mgongoni.

Alikuwa anaiangalia boti. Watu wote walikuwa wanamwangalia Feruzi, na Mama Mwamini alikuwa bado amekaa pale pale mbele. Mtu mmoja akaenda kumpa mkono ateremke. Bibi akasema hapana, anapunga upepo. Feruzi naye, kwa mbali, bila kutazama, akaomba wasichana wamsaidie mkwewe. Bibi akasema tena waende tu, atafuata, upepo ni mzuri. Jamani, jua lilikuwa la saa saba. Upepo gani?

Mama akaingia majini na nguo zake, na shati langu bado limo mkononi mwake, kwa hiyo nami nikaingia. Tulipofika ubavuni mwa boti nikaona. Kitenge cha juu cha Mama Mwamini hakikuwepo mwilini. Alikuwa amekisokota kama kamba, amekishindilia katikati ya mbao mbili chini, na juu yake amekandamiza kisigino kwa nguvu zake zote. Vidole vya mguu vilikuwa vyeupe. Maji yalimfika kwenye kifundo. Alikwenda hivyo mpaka Rusizi na kurudi, mguu juu ya ufa, na kumwita mkwewe hakumwita.

Alisema kwa sauti ndogo, "Mama Shabani, wakiondoka wote ndiyo nitasimama. Usimupatishe mutoto wangu haya mbele ya watu."

Nilimwona mama anatazama ufukweni, pale baba alipokuwa anacheka, halafu anautazama ule mguu. Akisema ukweli, cherehani inabaki, na bibi yule aliyelowa ili mkwe wake asiaibike, kazi yake imekuwa bure. Akinyamaza, mkokoteni unaondoka. Mwisho alipanda ndani ya boti, akakaa kwenye ubao karibu na Mama Mwamini, akaweka mguu wake juu ya mguu wa mwenzake, wakakandamiza pamoja. Kisha akaita mbele ya watu wote:

"Baba Shabani, leo cherehani haitoki."

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema fundi amepimwa nguo na mke wake. Mwingine akamwambia baba aende akapike. Feruzi akasimama katikati, anauliza shida ni nini, moteri si imesikika? Baba alitazama boti muda mrefu. Hakuweza kuona mguu, nina hakika, upande ule usingeweza. Alimwona mama tu, amekaa na nguo zimelowa. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, akamgeukia Feruzi.

"Ndugu yangu, unisamehe. Mi naogopa maji. Tafuta mwenzako mwenye moyo."

Walimcheka mpaka tukafika Buyenzi. Walimcheka na mwezi uliofuata, pale kwenye kahawa, na hakuwahi kuwajibu. Mama alibaki ziwani na Mama Mwamini mpaka ufukwe ukawa mtupu, wakasimama, na boti ikashiba maji pale pale kwenye kina cha magoti. Feruzi aliikuta hivyo. Wiki iliyofuata tuliiona imepinduliwa juani, rangi yote imekwanguliwa, anaijaza pamba na lami kwenye mbao. Siku moja akaja barazani kwetu na vitenge viwili vipya, akamwomba baba avikunje pindo, ni vya mama mkwe. Baba akavikunja, akakataa malipo. Habari za boti hazikutajwa na yeyote.

Je, Feruzi alijua? Mimi nasema alijua, mtu hapaki rangi kwa mapenzi ya rangi. Mama, aliyekuwa hamwamini hata redio, alisema hakujua, kwa sababu aibu ilimzuia kutazama mbele. Baba akitajiwa hilo, alitia uzi.

Na ile jioni ya Jumapili nitaiambia mpaka nife. Baba alifungua kamba za mkokoteni mwenyewe, akampa kijana wa dukani chai, akaibeba cherehani ndani badala ya kuiacha barazani. Akaipangusa kama mtoto aliyeanguka. Kazi haikuwepo, wateja alikuwa ameshawaaga. Akachukua shuka letu la kulalia, zima kabisa, akaanza kulikunja pindo upya. Mama alikuwa anapuliza mkaa. Hakumwuliza kitu, wala mama hakumweleza, yeye akakanyaga tu. Nikalala nikiisikia sauti ile ukutani, inakwenda, inasimama akikata uzi, inakwenda tena, na kila iliposimama nilifungua macho mpaka ianze.

Sasa hapa kwa binti yangu kuta ni nene na vitu vyote vinafanya kazi bila sauti. Jioni tumo wote ndani, kila mtu na chumba chake na mwanga wake usoni. Sijui nani humu anauza nini, nani ameingia nusu kwa nusu na nani, nani maji yamemfika kifundoni na amenyamaza. Mara nyingine natoka, napita koridoni, nagonga mlango mmoja mmoja nauliza kama wamo.

Wananijibu, "Tumo, babu," bila kufungua.

Narudi kwenye kiti changu, nakaa, nasikiliza.