Daftari la Jaji Mstaafu

Jaji wetu mstaafu hajui kusikiliza bila kuandika. Miaka kumi na tisa niliyokuwa karani wake, kila mara alilamba ncha ya kidole, akafungua ukurasa, ndipo akamwambia shahidi, "Haya, endelea, taratibu." Sauti yake ilikuwa ya chini hata mawakili wenye makelele walinyamaza ili wamsikie. Juzi chuo chake cha sheria kilipowatunuku wahitimu wake wa zamani, alinikalisha kando yake, akatoa daftari. Mkuu wa chuo akaanza kummwagia sifa, naye akawa anaziandika na kutia alama ya vema penye ukweli, ya kosa penye porojo.

"Mheshimiwa, leo hatuko mahakamani," nikamnong'oneza.

"Ndiyo maana anatia chumvi," akajibu bila kuinua kichwa.

"Hajawahi kukosea hukumu hata moja!" mkuu wa chuo akamalizia, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kalamu ikasimama. Kisha akaandika jina la mtu aliyekaa ndani miaka sita kabla ya rufaa kumtoa. Nalijua jina hilo. Hukumu ya jaji iliyomfunga niliichapa mimi. Jaji alipoitwa jukwaani alipanda na daftari lake, akaisogelea maikrofoni.

"Kabla sijapokea tuzo hii," akasema taratibu, "naomba kauli ya mwisho ifutwe kwenye kumbukumbu."