Kwaheri Iliyowekwa Mbele

Dona Kiyoko Nakandakari alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio uliolifikisha jarida lake la Kijapani miaka ishirini na miwili pale Assaí, mji wa Brazili ambao watu wake sasa huota ndoto kwa Kireno. Aliandika mwenyewe, akapanga kurasa mwenyewe, na kando ya kila herufi ngumu akatia vijiherufi vya kuonyesha sauti, ili wajukuu wa wahamiaji wajifunze kusoma. Kazi hiyo ilimmaliza macho. Wajukuu hawakujifunza lolote, na wazee walizidi kufa.

Desemba akakata shauri kulifunga, toleo la Januari liwe la mwisho. Akaandika kwaheri fupi, na kwa kuwa aliona haya, akaificha ukurasa wa mwisho kabisa, baada ya matangazo ya misiba.

Sasa, jarida la Kijapani hufunguliwa kutokea kulia. Fundi mgeni kwenye kiwanda cha uchapaji akaona hawa watu wamekosea, akawasaidia: jalada la mbele akaligandisha nyuma, ukurasa wa mwisho ukawa wa kwanza. Nakala zikaenda posta moja kwa moja. Kiyoko alipofungua yake, kwaheri ikamkodolea macho. Alimtukana fundi yule kwa lugha zote mbili.

Siku ya tatu Ivonete akabisha hodi. Alikuwa mke wa mwana wa mzee Eikichi, msomaji wa jarida tangu zamani; mwenyewe alizaliwa jimbo la Bahia, asiyejua Kijapani hata cha kuombea maji.

“Dona Kiyoko, usinifiche. Nimemsomea baba kitu gani?”

Kiyoko alidhani anataniwa. Ivonete akaeleza kwamba macho ya mzee yalizimika miaka mitatu iliyopita, na Kireno chake nacho kimemtoka kwa uzee, kimebaki cha maneno mawili matatu. Basi yeye akajifundisha vile vijiherufi, akivibandika kwenye friji. Kila mwezi humsomea, yeye akitamka asichokielewa, mzee akicheka na kumsahihisha.

“Kurasa za nyuma hataki, eti za maiti. Juzi nimeanza tu ule wa kwanza, akaniambia basi, funga. Tangu hapo hali chakula vizuri. Nimemtukana?”

Kiyoko akamwambia ukweli, kwamba ile ilikuwa kwaheri na jarida limekwisha.

Ivonete akauliza: “Sasa mimi na baba tutaongea nini?”

Miaka yote hiyo Kiyoko alijua vijiherufi vyake vimekwenda bure, kumbe vilikuwa na kazi jikoni kwa mtu. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke huyu. Akamshukuru na yule fundi, maana bila kosa lake kwaheri ile isingesomwa, na jarida lingekufa kimya kimya.

Akachukua karatasi, akaandika kwa vijiherufi vitupu kwamba toleo la Februari litatoka kama kawaida, akampa ampelekee mzee. Ivonete akaijaribu pale pale, silabi moja moja, kidole kikifuata.

Kiyoko hakuwahi kusikia maneno yake yakisomwa na mtu. Akamwomba asome tena.