Kigoda cha Kumenyea Ndizi

Mama akiwa na jambo la hila huacha Kihaya na kuanza Kiswahili sanifu kabisa, kama anasoma taarifa ya habari. Siku hiyo aliingia karakana yangu hapa Nshamba amekumbatia kiroba, akasema, "Mwanangu, naomba unitengenezee kigoda kingine kinachofanana na hiki kwa kila hali." Nikajua tumekwisha.

Kigoda kilikuwa cha marehemu bibi, mama yake mzazi. Bibi alikikalia maisha yake yote akimenya ndizi. Alipofariki kikabaki Kishanda kwa mjomba, kaka wa mama, na mama akakitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mjomba akakataa katakata. Safari hii alikuwa amekubali kukiazimisha tu, ili mimi nitoe mfano wake. Mpango wa mama ulikuwa mwepesi: kitakachorudi Kishanda kiwe kipya, kimepakwa masizi ya jikoni. Cha bibi kibaki kwake.

"Mama, huo ni wizi."

"Ni urithi," akasema, bado kwa Kiswahili sanifu.

Ningekataa, lakini nilikuwa na kisu kipya cha ruta, ile mashine ya kuchongea kingo za mbao, na mikono iliniwasha kukijaribu. Nakipenda kisu hicho kwa sababu hakina akili yake chenyewe. Nchani kina beringi ndogo. Unagandisha ubao mpya juu ya kitu cha zamani, beringi inatembea kwenye ukingo wa kile cha zamani, na kisu kilicho juu yake kinakata ubao mpya usawa uleule. Kasoro nayo inanakiliwa, kwa heshima zote.

Nilimwonya mama jambo moja. Ukingoni mwa kigoda bibi alikuwa na mahali pa kuchomeka kisu kila alipoinama kuchukua ndizi nyingine, na kwa miaka mingi kisu kilijichimbia ufa mwembamba, mkali, wa kwenda ndani. Beringi ni duara. Itabonyea kidogo mdomoni mwa ufa na kupita, haiwezi kufika chini. Mama akasema nifanye kazi, niache maneno.

Nikawasha mashine. Nilipofika kwenye ule ufa nilikaza mikono nikingoja mtikisiko. Beringi ikateremka taratibu, ikajaa pale kama mguu kwenye kandambili yake, ikatoka bila kusita. Nikazima. Nikafuta masizi, nikapapasa kwa kidole. Hapakuwa na ufa, palikuwa na kibonde laini, cha mviringo, upana wa beringi yangu. Kisu cha kumenyea hakichimbi hivyo hata kikipewa karne nzima.

"Mama," nikasema, "kuna ruta nyingine imepita hapa kabla yangu."

Akachukua kisu kidogo mezani kwangu, akakichomeka pale. Kikaanguka. Alichosema baada ya hapo alikisema kwa Kihaya, na sitakiandika.

Kesho yake tulikwenda Kishanda na vigoda vyote viwili. Mjomba anaishi peke yake tangu alipofiwa na mkewe. Alitukaribisha kwa akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, akatutazama tunavyotafuna.

"Waitu, dada, niliazimisha kimoja. Mbona kimezaa?"

Mama akachomeka kisu kwenye kigoda cha kwanza, kikaanguka. Cha pili, kikaanguka. Mjomba akacheka mpaka akapaliwa na kahawa.

"Kwani fundi mwenye mashine ni wako tu? Bukoba nao wapo. Nakujua toka utotoni, wewe."

Akaingia chumbani, akarudi na kigoda cha tatu. Mama akachomeka kisu. Kikasimama wima, hakikutikisika. Mama akakaa pale alipokaa mama yake, na akalia waziwazi. Kisha, kwa kuwa mkungu ulikuwa karibu na mikono yake haijui kukaa bure, akaanza kumenya.

Mjomba alimwacha amenye hadi sufuria ikajaa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tangu tumzike mama, umekuja hapa mara ngapi bila kukiulizia hicho kigoda? Nikikupa, utakuja kufuata nini?"

Mama aliinamia ndizi. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, na kidogo kwa niaba yangu.

Siku hizi mama huenda Kishanda kila Jumapili baada ya misa, anammenyea kaka yake ndizi, wanagombana, anarudi. Lakini ni yuleyule. Juzi aliingia karakana, akakaa kwenye ile nakala yangu, akaniuliza kwa Kiswahili sanifu, "Hivi, mwanangu, hakuna kifaa chochote kinachoweza kumalizia ule ufa, ukawa mwembamba kabisa kama wa bibi?"

Patasi zangu zilikuwa zimening'inia ukutani, nyuma ya kichwa chake, nimezinoa asubuhi hiyohiyo.

"Hakuna, mama," nikasema. "Bado hawajavumbua."