Injini Iliyobanwa Mafuta

Kaka wa marehemu mume wangu ana mashine ya kusaga kule Keza, na kila mtu atakuambia ni mtu mwema. Zamani hata mimi ningekuambia hivyo. Dizeli anaipima kama dawa ya mtoto, na mashine yake ikianza kutoa moshi anainuka hata kama yuko kwenye ugali, anakwenda kuibana mafuta. Wenzake wameshafunga mashine zao, yeye bado anasaga. Ndiyo maana anaamini kwamba injini yoyote inayotoa moshi imekosewa, na kwamba Mungu amemtuma yeye kuirekebisha.

Mume wangu aliamini mengine. Alikuwa akifundisha useremala Biharamulo mjini, mimi nikifundisha sayansi shule ya msingi, na wazimu wetu mmoja ulikuwa ndege za kuchezea. Nasema za kuchezea kwa sababu ndivyo watu walivyoziita, tena kwa kicheko. Ni ndege ndogo inayoruka kweli, ina injini ya mafuta, unaiongoza kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Kwake ilianza utotoni, familia yao ilipovuka kutoka Burundi, alipokuwa akilala kwenye nyasi za Ngara akitazama ndege za misaada zikishuka. Watoto wengine walingoja magunia. Yeye aliniambia kuwa alikuwa akiomba ndege ichelewe kuondoka ili ayaangalie mabawa.

Injini tuliichagua kwa ugomvi. Alitaka ya mipigo minne kwa kuwa ngurumo yake ni nzito kama ya ndege ya kweli. Nikamwambia ngurumo hailiwi. Ile ina valvu za kurekebisha na vipuri vingi, na ikiharibika hapa Biharamulo nani ataishika? Tuchukue ya mipigo miwili, ya ukubwa wa ngumi, yenye beringi za gololi, maana bushi inalika upesi. Alininunia siku kadhaa. Kisha jioni moja, katikati ya kula, akasema, "Haya, mwalimu, umeshinda." Aliniita mwalimu kila nilipomshinda, na nilimshinda mara chache. Binamu yake aliyeko Dar akaiagiza nje, tukangoja mpaka tukasahau kungoja.

Injini hizi si kama ya pikipiki. Plagi yake haitoi cheche. Ndani ina waya mwembamba uliosokotwa. Unauwasha kwa betri mpaka uwe mwekundu, unazungusha propela kwa kijiti ili vidole vibaki salama, na injini ikishika unaondoa betri. Waya unabaki na moto wake wenyewe. Wala haili petroli, inakula methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Methanoli tuliipata Mwanza, nikaifungia kabatini kwa ufunguo, maana inanukia kama kinywaji na inapofusha na kuua. Nyonyo alitukamulia mama yangu kule Bisibo, kutoka shambani kwake, nami nikayachuja mara kadhaa kwa kitambaa. Mama aliuliza kama ni ya nywele. Nilipomwambia ni ya ndege alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba injini mpya lazima izoeshwe. Pistoni na silinda bado hazijajuana. Kwa hiyo unafungua sindano ya mafuta, ile skrubu ndefu iliyo kwenye kabureta, unaachia mafuta mengi kupita kiasi. Inakohoa, inatema, moshi mweupe unatanda, na mafuta yasiyoungua yanatiririka mezani. Hiyo ndiyo afya yake. Yale mafuta unayoyaona yakipotea ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Ukiibana kabla ya wakati wake italia vizuri, sauti itapanda, utafurahi, halafu itanoki, pistoni ikwame ndani ya silinda.

Injini ilipofika, figo za mume wangu zilikuwa zimeshagoma. Tulikaa hospitali hadi wenye hekima wa ukoo wakasema arudishwe Keza, ambako kuna mikono mingi ya kumgeuza kitandani. Nikaomba ruhusa kazini. Tulimlaza kwenye siti ya nyuma, na ndege aliyoiunda kwa mbao laini na maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki nikaipakata mapajani njia nzima. Tulipopita mabonde ya Ngara akaniambia, "Nataka niione ikiruka mara moja. Moja tu, mwalimu. Hata ikianguka baadaye."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu pale ukweni. Nilifunga injini kwenye benchi lililochimbiwa uani, mkabala na dirisha lake, nikaizoesha kidogo kidogo kila jioni. Yeye alilala ndani akisikiliza. "Achia kidogo," angesema, au, "Iache ipoe." Tulikuwa na furaha. Watu hawapendi mjane aseme hivyo kuhusu siku za mwisho, lakini tulikuwa na furaha. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumpa taarifa kwamba tutairusha Jumamosi, kwani mpaka uko karibu na kitu kinachonguruma angani lazima kiulizwe. Akasema Jumamosi hakuna neno, na yeye mwenyewe atakuja kutazama.

Shemeji alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu na unga kichwani, anatazama mafuta yanavyodondoka. Nilimwona akiumia. L na R kwake hazijawahi kugombana. "Shemeji," aliniambia, "hii inakura mafuta bure."

Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, polepole, kama ninavyoeleza darasani. Akatikisa kichwa kwa adabu, akasema sawa shemeji, nimekuerewa.

Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Ngara mjini kufuata dawa. Asubuhi ile nilikuwa nimelalamika, mbele ya shemeji, kwamba mafuta ya ndege yamebaki kidogo na lazima yafike Jumamosi. Alisikia, akanionea huruma. Hakuna kitu kilichowahi kunigharimu kama huruma ya mtu yule.

Niliporudi nilisikia harufu kabla sijashuka. Injini ilikuwa benchini, mdomo wa ekzosi umeiva rangi ya samawati. Niligusa propela, haikusogea. Sindano ilikuwa imefungwa karibu mpaka mwisho. Naye amesimama kando akijifuta mikono, uso una furaha iliyochanganyika na wasiwasi.

"Nimekubania kidogo, shemeji. Iriria vizuri sana, mpaka majirani wakatoka nje. Basi ikazima yenyewe. Labda ingoje ipoe?"

Niliimiminia nyonyo, nikaipasha moto, nikaisukuma mpaka ikazunguka kwa kukwaruza. Nilipoifungua nikaona pistoni imechanika mistari kutoka juu hadi chini. Kipuri cha karibu kilikuwa mwezi mzima wa safari, na mgonjwa wangu hakuwa na mwezi.

Niliingia ndani nikiwa nimekunja ngumi. Mume wangu alikuwa macho.

"Nimeisikia," alisema. "Sauti ilipopanda nilijua. Nilimwita aiachie, sauti yangu haikufika mlangoni."

Nikaanza kufungua mdomo, akaninyanyulia vidole.

"Usimseme. Ni kaka yangu. Alitaka kutusaidia."

Nikamwahidi, na miaka yote hii sikumsema. Leo namsema.

Jumamosi mwenyekiti alikuja kweli, na nusu ya kitongoji nyuma yake. Walikuta ndege imekaa kwenye nyasi, pua yake wazi. Nilitaka kuwafukuza. Mume wangu akaniomba niinyanyue aione hata hivyo. Nikaibeba juu ya kichwa, nikapita nayo mbele ya dirisha, na sijui ni shetani gani aliyenituma, nikaanza kukimbia. Nilikwenda na kurudi, kitenge kikinifunguka, watu wakaangua kicheko, nami sikusimama. Nilitaka aone bawa likipita. Mwishowe nikamsikia, "Acha, mwalimu. Utachoka." Alifariki wiki iliyofuata, alfajiri, watu wote wakiwapo isipokuwa mimi niliyekuwa nimekwenda kuteka maji.

Msibani shemeji aliwasimulia waombolezaji jinsi alivyohangaika na ile injini ili mdogo wake afurahi. Walimshukuru. Mimi waliniambia ni chuma tu, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni rahisi kuyasema kama si wewe uliyeyabeba kutoka kisimani.

Siku ya kuganduka, yaani kufunga msiba, ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Kwao vifaa vya kazi vya mwanamume vinakwenda kwa ndugu zake wanaume. Randa, misumeno, patasi, vyote vikaenda, na sikuvililia. Ndege nikapewa mimi, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Nikasimama mbele ya wazee nikaomba na injini yake. Mama mkwe akanivuta upindo wa kanga.

"Mwanangu, injini ni ya wanaume."

Shemeji naye akasema hawezi kuiachia, ni kumbukumbu ya mdogo wake, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli. Laiti yangekuwa ya uongo ningeshamsamehe.

Ndege iko Biharamulo, juu ya kabati langu, nimeifunika shuka. Likizo iliyopita nilikwenda Keza kumwamkia mama mkwe, akanituma na ndoo ya mahindi mashineni. Shemeji alinipokea kwa mikono miwili. Amebuni njia ya kuzuia mbuzi wasiingie kula pumba: mlango unajifunga wenyewe, unavutwa na waya uliopita kwenye gurudumu dogo juu, na mwisho wa waya amening'iniza kitu kizito. Ilikuwa injini yetu, imefutwa vumbi, inang'aa.

"Unaona, shemeji? Sijaitupa. Inafanya kazi."

Nikasema naona. Wanawake waliingia na ndoo zao, wakatoka na unga wao. Mlango ukifunguliwa injini inapanda mpaka usawa wa kifua, ukifungwa inashuka mpaka gotini. Nilisimama pale mpaka mahindi yangu yakaisha kusagwa, nikiitazama ikipanda na kushuka. Huko ndiko kuruka kwake kote.