Karani aliyeona maji, akaandika ‘salama’

Saa moja na nusu asubuhi, Salem Muhannad amechutama mbele ya sanduku la mbao katika ghala moja la bandari ya Malindi, mjini Unguja. Amevua kofia na kuiweka juu ya goti. Pua yake imekaribia mbao mpaka unaweza kudhani ananong’ona na sanduku.

Ananusa. Kisha anapitisha kiganja chini ya sanduku, anakitazama, na kukinusa pia.

“Mzee Fungua, twende basi! Masinki hayo, si samaki!” anapiga kelele kuli mmoja, kwa jina la utani walilompa, na wenzake wanaangua kicheko.

Salem hacheki wala hakasiriki. Anachomoa bisibisi mfukoni, anabandua ubao mmoja, anamulika ndani kwa simu na kupiga picha tatu. Karani wa meli, aliyesimama na makaratasi, anatazama saa yake kwa mara ya nne. Ndipo Salem anapoomba kalamu.

“Ubao wa kushoto umevunjika. Ndani pakavu,” anaandika, na chini yake anatia saini.

Kazi hiyo imemchukua dakika arubaini. Zamani ilimchukua tatu. Salem, mwenye umri wa miaka 56, ni karani wa wakala wa forodha: watu wanaoagiza mizigo kutoka ng’ambo humwachia yeye kuipokea na kuitoa bandarini. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita, na siku hizi hulipwa Sh480,000 kwa mwezi. Babu yake alikuwa na bohari yake mwenyewe si mbali na hapo. Mjukuu anapokea vya watu, na hilo halijawahi kumtia haya.

Linalomtia haya ni jengine, nalo limo katika karatasi moja.

“Kuna saini nliitia mwaka jana,” anasema, huku akikung’uta vumbi kwenye kofia. “Ile ndiyo iliyonifunza kunusa.”

Ilikuwa Jumatatu ya Juni, siku chache baada ya sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi Kubwa. Sanduku lililokuwa likisubiriwa lilikuwa na mashine ya kusagia mwani, iliyotoka Uturuki kwa ajili ya kikundi cha wanawake ishirini na wawili wa Jambiani. Wanawake hao hulima mwani, huukausha, huutwanga kwa mikono na kutengeneza sabuni. Mashine iligharimu Sh milioni 19. Nusu yake walichangiwa, na nusu nyengine waliiweka kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Salem ndiye aliyewashauri wakate bima. Hawakutaka. Waliona ni kuzitupa fedha kwa kitu ambacho hakijatokea. Akawaeleza kuwa bahari imechafuka siku hizi, na si kwa mawimbi. Tangu meli kubwa zianze kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, mzigo kama wao hukaa baharini muda mrefu zaidi, na hupakuliwa na kupakiwa tena mara mbili tatu kabla ya kuiona Malindi.

“Nliwaambia, kila anayeupokea anaweza kusema umeharibikia kwa mwenzake. Bima ndiyo ngao yenu,” anakumbuka. “Wakanisikiliza. Wakalipa laki tatu na themanini. Mimi, mimi huyu huyu, ndiye nliyewalipisha.”

Mwenyekiti wa kikundi, Bi Mwanamwema Ubwa, 63, alikuja mwenyewe bandarini siku hiyo kuipokea mashine, amevaa kanga mpya. Salem alimwamkia, akamkabidhi bahasha yenye kadi ya mwaliko. Binti yake, Basma, alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile ile.

Karani wa mizigo wa meli iliyoleta sanduku hilo kutoka Dar es Salaam alikuwa Himid Bakar. Na huyo Himid ndiye baba wa bwana harusi.

Hapo ndipo penye mkasa wote. Sanduku lilipotuliwa, Salem aliona alama nyeusi ya maji iliyopanda shubiri nzima kutoka chini, na chumvi nyeupe ukingoni mwake. Mtoto wa skuli angelijua kuwa limekaa ndani ya maji ya bahari. Alichotakiwa kufanya ni kuandika maneno mawili tu kwenye hati ya kupokelea mzigo: “Limelowa chini.”

Himid alikuwa amemnyooshea kalamu, anatabasamu. “Haya mkwe, tia saini tukaangalie mambo ya pilau,” akasema.

Asiyeishi Unguja huenda asielewe. Muhali wa huku si jambo dogo. Mtu anaweza kukopesha asichokuwa nacho, au kula chakula kimchomacho tumbo, ilimradi asimvunje uso mwenzake. Na kumvunja uso mkwe, mbele ya makuli, siku nne kabla ya harusi, kwa kumwandikia kuwa ameuharibu mzigo wa watu? Salem aliona ni bora ardhi immeze.

Akaandika: “Umepokelewa salama, hauna dosari.” Akatia saini.

“Sikudanganywa. Sikuhongwa hata kikombe cha kahawa,” anasema. “Niliona maji kwa macho yangu nkaandika salama. Nlijiambia mashine ya chuma hiyo, maji yatafanya nini?”

Harusi ilifana. Wanawake kumi na mmoja wa Jambiani walihudhuria, wakaleta doti za kanga na sabuni zao za mwani zilizofungwa kwa utepe. Salem aliwapokea mlangoni. Alicheka na kila mtu.

Kwa pirikapirika za harusi, sanduku halikupelekwa Jambiani mpaka siku ya tisa. Lilipofunguliwa, mota ilikuwa imeshika kutu na haikuzunguka. Mkaguzi wa bima alikuja, akapiga picha, akaondoka. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya kurasa mbili kuyakataa madai yao. Salem anaijua kwa moyo sentensi yake moja: mwakilishi wa mwenye mzigo alithibitisha kwa maandishi kuwa mzigo ulipokelewa salama, hivyo hakuna ushahidi kuwa uliharibikia safarini.

Mwakilishi huyo ni yeye.

Wanawake walilaani bima. Walisema ni wezi wenye tai. Salem alikuwa akiwaitikia. Hilo, anasema, ndilo linalomuumiza kuliko hata saini yenyewe: kwamba alikaa nao kwenye mkeka, akatikisa kichwa, akasema, “Ndivyo walivyo hao.” Tangu siku hiyo akaacha kwenda Jambiani. Wakimpigia simu, alisema yuko kazini.

Wao wakarudi kwenye vinu. Mize, mmoja wa wanakikundi, anatwanga kwa mkono mmoja siku hizi kwa sababu bega la kulia limegoma. Kwa wiki hupata unga wa kilo sita. Mashine ingesaga hizo kabla ya chai ya saa nne.

Kilichomtoa Salem mafichoni ni tarehe. Mwezi uliopita alipeleka makaratasi ya mteja mwengine katika ofisi ya bima, akakutana na Khairiya, karani wa madai. Khairiya alimwambia, bila kujua anamwambia nani hasa, kuwa faili la Jambiani litafungwa moja kwa moja mwaka mmoja tangu mzigo upokelewe. Labda tu, akasema, atokee mtu aliyekuwepo siku ya kupokea, atoe maelezo ya maandishi kuwa sanduku lilishuka melini limelowa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Salem alikwenda kwanza kwa binti yake. Basma ana mtoto wa miezi miwili sasa, mjukuu wa Salem na wa Himid kwa pamoja. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho huku akimbembeleza mtoto.

“Akanambia, ‘Baba, kaseme. Sitaki mwanangu awe ndiye sababu ya watu kutwanga,’” anasimulia Salem.

Kisha akaenda kwa Himid. Mazungumzo hayo hataki kuyaeleza. Anasema tu kuwa alipewa chai, na hakuimaliza. Himid alipotafutwa na mwandishi wa makala haya, alisema hana la kusema, akakata simu.

Maelezo ya Salem yalifika ofisi ya bima zikiwa zimebaki siku sita. Mwajiri wake amemwambia asubiri barua, na huenda leseni yake ya forodha ya miaka ishirini na sita ikaenda nayo. Lakini kulikuwa na mlango mmoja alioubakisha, na huo ndio aliokuwa akiuogopa.

Jumamosi iliyopita alikwenda Jambiani. Wanawake walikuwa bandani, vinu vimepangwa, na mashine ile imefunikwa turubali pembeni. Salem alivua viatu, akabaki amesimama.

“Shikamoo, Bi Mwanamwema.”

“Marahaba. Umepotea, Salem. Kaa.”

Hakukaa. Alitoa nakala ya hati mfukoni, akawasomea kwa sauti alichoandika siku ile, neno kwa neno, mpaka jina lake. Kisha akawaambia alichokiona kabla ya kuandika. Aliwaambia na sababu. Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu yake.

Michi iliwekwa chini. Wa kwanza kusema alikuwa Mize.

“Harusi ilikuwa nzuri,” alisema. Hakusema kwa hasira, na huenda ingelikuwa afadhali angelisema kwa hasira. “Nnaikumbuka. Tulicheza sana.”

Salem alifunika uso kwa kofia.

Ndipo Bi Mwanamwema alipoinuka, akaenda kusimama karibu na turubali, amewapa mgongo wenzake.

“Na mimi nliyaona,” akasema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja, ikabidi arudie. “Yale maji. Nlikuwa nimesimama nyuma yake. Nliiona chumvi ukingoni. Nkataka kusema, Bwana Salem hili mbona limelowa? Lakini nlikuwa nimeshika kadi ya harusi mkononi, ndiyo kwanza amenipa. Ntasemaje? Nkaona haya. Nkanyamaza.”

Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja. “Mwaka mzima nnawasikia mkiwatukana watu wa bima, na mimi nnatukana nanyi. Nsameheni.”

Mwanamke mmoja alianza kulia. Wawili waliondoka bandani bila ya kuaga, na mpaka jioni hawakurudi. Huwezi kuwalaumu. Waliobaki walikaa chini, na aibu ya wakubwa wawili ikawa imekaa katikati yao.

Mize ndiye aliyeuliza jambo la maana. Kama maelezo ya mtu mmoja yanafaa, ya watu wawili je?

Bi Mwanamwema aliandika yake pale pale, kwenye daftari la mauzo ya sabuni, kwa herufi kubwa. Jumatatu, ikiwa imebaki siku moja, yeye na Salem waliifikisha karatasi hiyo kwa Khairiya, wakaketi benchi moja kusubiri mhuri wa kupokelewa. Faili halikufungwa. Wameambiwa madai yataangaliwa upya, na jibu linaweza kuchukua miezi mitatu. Hakuna aliyewaahidi chochote.

Salem hajui kama atakuwa na kazi jibu litakapokuja. Mpango wake, iwapo leseni itapona, ni kuendelea kuitwa Mzee Fungua mpaka astaafu. Iwapo haitapona, mtumbwi wa shemeji yake unahitaji mtu wa kupokea samaki, na hao, anasema, ananusa vizuri. Ni mara ya kwanza asubuhi hiyo kutabasamu.

Lakini tumaini lake si kazi. Siku ile Jambiani, alipokuwa akivaa viatu, alimwuliza Bi Mwanamwema kama ikitokea bima ikalipa na mashine nyengine ikaja, watamruhusu aende nao bandarini, hata kama ni kusimama tu.

Bi Mwanamwema aliiokota kalamu aliyoandikia maelezo yake.

“Njoo,” alisema. “Ila kalamu ntashika miye.”

“Naam,” akajibu Salem.