Shali ya Sufu Kwenye Chumba cha Pasi

Wenzake kazini walimwita Nyoosha, na jina lilimkaa. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na shuka lililopita mikononi mwake lilitoka limenyooka hata ukaona haya kulilalia. Watu nao aliwanyoosha. Ukija kwake na maneno ya kuzungukazunguka, atakuuliza unataka nini hasa, na kabla hujajijua umekwisha kusema.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya duka. Kilikuwa na dirisha moja, lakini halikufunguliwa kamwe, maana lilitazama barabara ya vumbi na mashuka yalikuwa meupe pe, ya hoteli. Feni nayo ilipigwa marufuku kwa sababu ilipeperusha kila kilicholazwa mezani. Basi Nyoosha na mwenzake waliiva pamoja na nguo kutwa nzima, kila mmoja na taulo shingoni ili jasho lisidondokee kitambaa.

Mbele, upande wa wateja, ndiko kulikokuwa na ofisi ya mwenye duka, mama ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa. Hakuwa na roho mbaya, ila alipenda mambo yake yaonekane. Kiyoyozi kilikuwa humo. Kilivuma tangu asubuhi mpaka jioni, chai yake ikapoa kabla hajaigusa, na yeye mwenyewe, kwa baridi, akajifunika shali nzito ya sufu ya rangi ya damu ya mzee. Kila mwisho wa wiki shali hiyo ilifuliwa, ikapelekwa kule nyuma kupigwa pasi. Hakuna aliyeona ajabu, hata Nyoosha mwenyewe.

Nyumbani mambo yaligeuka. Mumewe alikuwa mlinzi ndani ya benki, na kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kiyoyozi kikubwa kama kabati. Alirudi jioni na sweta, mafua na malalamiko. Nyoosha akiingia tu anafungua madirisha, mumewe anamfuata nyuma anayafunga.

"Mama watoto, unataka niugue kifua?"

"Na wewe unataka nichemke kazini, nije nichemke na nyumbani?"

"Vile vidude ni anasa tu," mumewe alipenda kusema. "Wale makarani wanavaa makoti, halafu bado wanazidisha baridi. Zamani watu walifungua madirisha na maisha yakaenda."

"Hao wa zamani hawakupiga pasi mashuka ya hoteli dirisha likiwa limefungwa," Nyoosha alimjibu, na hapo mjadala uliishia, kila mtu na lake.

Siku moja Nyoosha akaanguka. Macho yaliingia kiza, miguu ikamwishia nguvu, na alipozinduka alikuwa zahanati, mwenzake akimpepea. Daktari hakumficha kitu.

"Mama, mwili wako umelichoka joto lile. Ukirudi chumba kikiwa vilevile, safari nyingine huenda usiamke. Chumba kipozwe, au utafute kazi nyingine."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kuanguka kwenyewe. Kazi ile aliipenda. Aliipenda harufu ya kitambaa safi kikipata moto, na ile raha ya kuona makunyanzi yakikimbia mbele ya pasi. Kuacha hakutaka, na kufa pia hakutaka. Kwa hiyo akaenda kwa Bi Mkubwa, akaomba kiyoyozi kile kihamishiwe chumba cha pasi.

Bi Mkubwa alijivutia shali mabegani. "Hiki ni cha wateja. Mteja akitoka jasho hapa, kesho atakwenda kwingine. Kama umechoka, hakuna aliyekufunga kamba."

"Sijachoka. Kazi naitaka."

"Basi vumilia kama wenzako."

Nyoosha akavumilia, akinywa maji na kujipumzisha mlangoni. Mwisho wa wiki kapu likaja, na juu kabisa imelazwa ile shali. Sufu haipigwi pasi hivihivi. Huwekewa kitambaa kilicholowa juu yake, na pasi ikigusa, mvuke wote hukupanda usoni. Alipogandamiza mara ya kwanza, mvuke ukamjaa puani, moyo ukaanza kwenda mbio. Akaitua pasi. Akaitazama shali. Mtu anaona baridi mpaka anajifunika, na mwingine anakaribia kufa kwa joto akimnyooshea hicho cha kujifunikia. Hasira zilimpanda, hasira hasa.

"Shika upande huo wa meza," alimwambia mwenzake.

"Tunaipeleka wapi?"

"Penye ubaridi."

Waliibeba meza, wakapita nayo katikati ya duka, wakaitua mbele ya Bi Mkubwa. Nyoosha akachomeka pasi ukutani, na mwenzake akarudi nyuma kuendelea na kazi kwenye meza yake.

"Nini tena hiki?"

"Shali yako, Bi Mkubwa. Daktari kanikataza kule, na kazi siachi. Penye ubaridi ni hapa tu."

Angeweza kufukuzwa palepale. Nyoosha alilijua hilo, ila mkono wenye pasi ulikwenda sawasawa. Bi Mkubwa alifungua mdomo, akakumbuka kwamba mashuka ya hoteli yalitakiwa jioni ileile, akaufunga.

Shali ikaisha, mashuka yakafuata. Mvuke ukajaa ofisini. Bi Mkubwa akachukua rimoti, akaongeza baridi, akaongeza tena, wapi. Jasho likaanza kumchungulia kwenye paji la uso.

"Kwani kule huwa hivi?"

"Kule ni zaidi. Hapa mlango unafunguliwa."

Bi Mkubwa akainuka, akaenda nyuma. Alikaa kule kitambo, na mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Aliporudi uso ulikuwa umelowa, na sauti imeshuka.

"Naita fundi akihamishe. Kwa ajili ya mashuka, usinielewe vibaya. Na usije ukanitangaza mtaani."

"Sitangazi, Bi Mkubwa."

Kiyoyozi kikahamia chumba cha pasi. Mwenzake alitaka kukifungulia mpaka mwisho, Nyoosha akamnyang'anya rimoti. "Tunapoza chumba, hatugandishi nyama." Ofisini Bi Mkubwa alifungua madirisha, na wateja hawakukimbia. Mwisho wa wiki alimwita Nyoosha, akampa ile shali.

"Mpelekee mumeo, uliwahi kusema benki kwao kuna baridi. Mimi sina kazi nayo tena."

Jioni mumewe aliipokea kwa furaha, akajitanda mabegani juu ya sweta, akajitazama kwenye kioo.

"Hii itanifaa benki."

"Hiyo ni ya kujistiri kwa muda," Nyoosha alisema akifungua dirisha. "Kesho mwambie meneja wenu apunguze baridi."

"Nimwambie meneja? Mama watoto, mimi ni mlinzi tu."

"Na mimi ni mpiga pasi tu."

Mumewe akajitazama tena kwenye kioo, akaivua shali taratibu, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Dirisha hakulifunga.